Usumba au katani? Kamba ya kupandishia hopsi nyumbani

Hopsi, mmea unaojizungusha kwenye kamba na ambao maua yake hutiwa kwenye bia, ikishaamka haikungoji ukatafute kamba. Mwaka juzi, katikati ya Mei, nilichora mstari wa chaki ukutani pale ncha ya mmea ilipofikia saa moja asubuhi. Kesho yake saa ile ile nikapima: sentimita 19. Ilikuwa siku ya jua baada ya mvua, na wenyeji wa hapa wanasema siku za joto zaidi huenda hata sentimita 30. Kama hujafunga kamba kufikia mwisho wa Aprili, mashina huanza kusokotana yenyewe kwa yenyewe pale chini, na kuyatenganisha bila kuvunja ncha ni kazi ya Jumapili nzima.

Naishi Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, mkoa ambao umelima hopsi tangu karne ya 16. Situmii pombe, na naisema hiyo mapema kwa sababu ukitaja hopsi watu hufikiria bia peke yake. Mimi nilikuwa na ukuta wa kusini uliokuwa ukitia nyumba joto kiangazi chote. Hopsi inaufunika kwa majani mapana kuanzia Juni, kisha baridi ikija inakauka mpaka chini na kuniachia jua wakati ninalihitaji. Machipukizi ya mwanzo wa majira ya kuchipua tunayakaanga kwa kitunguu kama mboga yoyote. Maua anachukua mzee jirani yangu, ambaye ndiye aliyenipa kipande cha mzizi. Yeye ana matumizi yake.

Na la pili niliseme mapema vilevile: nimezaliwa Tanga. Marehemu baba alikata mkonge, na utoto wangu nimeupitisha nikitazama singa zimeanikwa kwenye nyaya, nyeupe, safu baada ya safu, mpaka macho yanaumia. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta kamba nilitaka katani ishinde. Niliitakia ushindi kwa moyo wote. Kwa misimu mitano nimejaribu aina sita, na katani haikushika nafasi ya kwanza.

Neno kwa aliye nyumbani Afrika Mashariki kabla hajaagiza mizizi: hopsi inataka baridi ya kuilaza na siku ndefu za kuikuza. Karibu na ikweta siku ina saa 12 hivi mwaka mzima, na mmea unaona kama wakati wa maua umeshafika ungali mfupi. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yatawafaa zaidi walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Habari za kamba zenyewe, hata hivyo, zinafaa kwa mpesheni na maharage yanayopanda kamba popote pale.

Mmea huu unashika vipi

Mpesheni una vile vikonyo vinavyojikunja kama chemchemi na kushika chochote. Hopsi haina. Inajizungusha kwa mwili wake wote, na ukipitisha kidole kwenye shina kutoka juu kwenda chini utahisi kama msasa: ni vinywele vigumu vyenye ndoana ndogondogo. Ndivyo vinavyouzuia mmea kuteleza. Ukiutazama kutoka juu, unazunguka kama mshale wa saa, na hauna mjadala katika hilo. Ukiuzungushia kinyume, usiku mmoja unajifungua na kuanza upya kwa njia yake.

Kamba laini inavipa vinywele hivyo kazi ngumu, na kamba yenye manyoya inavipa mahali pa kushika. Halafu kuna uzito. Mwezi wa Aprili unafunga kamba kwa ajili ya kitu chembamba kuliko penseli, na ni rahisi kusahau kwamba Agosti kamba hiyo hiyo itabeba majani, matawi ya pembeni na maua ya mashina mawili au matatu, yote yamelowa mvua, na upepo unayasukuma kama tanga. Mwisho kuna umri. Kamba inafungwa Aprili na kukatwa Septemba pamoja na mmea. Inatakiwa iishi miezi mitano au sita kwa nguvu zake zote, kisha ioze.

Watu wengi wanaangalia unene dukani na kusahau hayo mengine. Nami nilikuwa mmoja wao.

Juti: kosa langu la mwaka wa kwanza

Duka la bustani lilikuwa na kidonge kizuri cha kamba ya juti, iliyotiwa rangi ya kijani, laini mkononi, bei ndogo. Juti ni ile ile ya magunia. Hopsi iliipenda, ilipanda bila kuteleza hata mara moja. Juni nikapiga picha na kuwatumia ndugu. Julai kamba ikaanza kupauka. Usiku mmoja wa Agosti ukaja upepo na mvua, nikasikia kishindo kama mtu ameangusha godoro kutoka dirishani. Asubuhi ukuta ulikuwa mtupu. Mmea wote, mita nne na nusu, ulikuwa umelala juu ya kitanda cha bamia zangu za majaribio, mashina yamevunjika kwenye mikunjo.

Kilichoniumiza ni nilipookota kamba yenyewe. Haikukatika kwa kunyooka. Ilikuwa imegeuka kitu kama uzi wa sweta ya zamani, ukivuta kwa vidole viwili inaachana bila sauti. Juti hunywa maji na kukaa nayo, na ndiyo inayooza upesi kuliko nyuzi zote za mimea nilizojaribu. Ifungie nyanya kwenye mti, inafaa sana. Ifungie hopsi mwaka wa kwanza tu, ule ambao mmea bado unakuza mizizi na haufiki mbali. Zaidi ya hapo usiitumie.

Katani na usumba, bega kwa bega

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wa pili nilifunga katani upande wa kushoto wa ukuta na usumba, yaani kamba ya nyuzi za nazi, upande wa kulia, kutoka mzizi mmoja. Katani niliinunua. Usumba nilipewa na mkulima wa jirani aliyebakiwa na vipande, kwa sababu mashamba ya hopsi ya Kent yanatumia kamba ya nazi tangu mwishoni mwa karne ya 19, pale nyaya na kamba zilipochukua nafasi ya miti mirefu. Zamani wafungaji walitembea kwa miti ya miguuni ili wafike juu. Siku hizi ni mti mrefu wenye bomba nchani, kamba inapita ndani yake. Mara ya kwanza nilipoingia katika shamba hilo mwezi wa Aprili, kabla mimea haijapanda, niliona maelfu ya kamba za kahawia zimetanda hewani na nikasimama pale pale. Nilizijua. Zilikuwa kamba za makumbi.

Kwa kushika, zote mbili ni nzuri. Katani ina manyoya mafupi magumu, usumba una manyoya marefu yaliyosimama kila upande, na hopsi haikuteleza kwenye yoyote. Usumba unashinda kidogo: niliona ncha iliyopigwa na upepo ikirudi yenyewe kwenye kamba ndani ya siku moja, wakati ile ya katani nililazimika kuirudisha kwa mkono.

Kwa nguvu ikiwa kavu, katani iko mbele bila ubishi. Kwa unene ule ule, singa ya mkonge inavuta kuliko uzi wa nazi. Ndiyo maana katani ilifunga majani makavu ya mifugo katika mashamba ya dunia nzima kwa miaka mingi.

Lakini Kent hakuna kamba kavu. Kwa hiyo nikafanya jaribio langu, ambalo nakushauri ulifanye na kamba yoyote kabla hujaiamini. Nilikata vipande vya mita mbili vya juti, katani na usumba, nikafukia nusu ya kila kimoja katika chungu cha udongo, nikawa namwagilia kwa wiki sita. Kisha nikavitoa, nikavifunga kwenye boriti ya kibanda na kuning'iniza ndoo ya lita 20, nikijaza maji kwa kopo. Juti ilikatika ndoo haijafika robo. Katani ilibeba ndoo karibu ijae, halafu ikakatika ghafla, tap, pale pale ilipokuwa mpaka wa udongo na hewa. Usumba ulibeba ndoo yote. Ulirefuka kama shubiri moja, ukalia kidogo, ukatulia. Niliuacha usiku kucha na asubuhi ndoo ilikuwa bado inaning'inia.

Jioni ile nilimpigia mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Paje, Zanzibar. Ujana wake alifukia makumbi pwani, akayaacha miezi mpaka nyama ya kumbi ilainike, akayafukua, akayaponda kwa gongo na kusokota kamba mapajani. Nikampa shikamoo, nikamweleza habari za ndoo. Akacheka kwa furaha.

“Kamba ya makumbi haikatiki ghafla, mwanangu,” aliniambia. “Huaga kwanza.”

Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo. Usumba unanyumbulika sana kabla haujakatika. Unaona unalegea, unaona nyuzi zinatoka moja moja, na unakuwa na siku kadhaa za kuongeza kamba nyingine. Katani inanyooka kidogo sana halafu inaachia. Na kuhusu maji, watu wa pwani yetu walishajibu zamani: mtepe ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za nazi, bila misumari, ukasafiri baharini. Uzi wa nazi una kiasi kikubwa cha kile kinachoufanya mti uwe mti, na vijidudu vya kuozesha vinapata shida nao.

Usumba una kasoro zake. Unachoma mikono kuliko katani, kwa hiyo vaa glavu, au uloweke ndoo ya maji kwa saa moja kabla ya kufunga. Hilo pia ni la mama mkwe, na linafanya fundo liwe tiifu. Kwa sababu unarefuka, ni lazima uukaze tena mwishoni mwa Juni, mmea ukianza kuwa mzito. Dukani haupatikani kirahisi: utakutana na juti kwanza, katani baadaye, na usumba kwa kuuliza, mara nyingi katika vifurushi vikubwa vya mashamba. Tulio watatu mtaani huagiza kifurushi kimoja na kugawana. Kwenye mboji nao ni mgumu wa kuoza. Katani niliyoikata Septemba niliikosa kabisa mwaka uliofuata. Usumba nilikuta bado vipande, hasa mafundo.

Nayo katani ina jambo moja la kuangalia dukani. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kufunga majani ya mifugo mara nyingi hutiwa mafuta, na pengine dawa ya kuzuia kuoza na panya. Ukiinusa utajua. Kama unakula machipukizi kama sisi, tafuta isiyotiwa kitu.

Na ukitaka kubaki na katani, kama roho yangu inavyotaka kila mwaka, ipo njia: usiiruhusu iguse udongo. Pigilia kigingi cha mti, funga kipande kifupi cha usumba kwenye kigingi, na juu yake, sentimita 30 kutoka ardhini, unganisha katani. Tangu nianze hivyo, hakuna katani iliyonikatikia. Udhaifu wake wote uko mguuni.

Plastiki

Hopsi inaweza kupanda kamba ya polipropilini, ile ya bluu au ya rangi ya chungwa, ukiisaidia mwanzoni. Nimeiona ikifanya hivyo. Ni rahisi, haiozi, na mwenye duka atakuambia utaitumia miaka mitano. Kwangu ilikaa msimu mmoja na nusu. Jua liliila mpaka ikaanza kumomonyoka vipande vyembamba kama nywele, na vile vipande hadi leo navikuta kwenye udongo nikichimba vitunguu. Zipo zilizotiwa kinga ya jua zinazodumu zaidi. Lakini hata hizo unazitoaje? Septemba mmea umejizungusha mara mia kwenye kamba ile, na huwezi kuutupa kwenye mboji bila kukaa chini na kuuvua shina kwa shina. Mimi nilifanya hivyo kwa saa tatu, mikono imechubuka kwa vile vinywele mpaka kwenye kiwiko. Kwa kamba ya mimea unakata juu, unakata chini, unakunja vyote pamoja na kutupa.

Lipo na jambo jingine, na sitajifanya halinihusu. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf: aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika hai karibu na Pangani ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 nchi ikaja kuongoza dunia, na mwaka 1964 ilizalisha tani zipatazo 230,000. Kamba ya plastiki ilichangia sana kuuangusha mkonge, na soko mojawapo lililoibiwa ni hilo hilo la kamba za mashambani. Nimeona vinu vya mkonge vilivyonyamaza, na nyumba za wafanyakazi zilizobaki bila paa. Ukiniuliza kamba ya plastiki au ya mimea kwa kazi ambayo ya mimea inaiweza kabisa, jibu langu lina sababu hiyo ndani yake na sioni haya.

Mahali pamoja naikubali: kamba ya juu, ile ya mlalo au ile inayopita kwenye kapi, ambapo hopsi haifiki. Hapo kamba ya mashua ya nailoni inakaa miaka na haina haja ya kuoza.

Waya na karatasi

Hallertau, kule Bavaria, ambako hopsi ni nyingi kuliko karibu mahali popote duniani, wanapandishia kwa waya mwembamba wa chuma kwenye majukwaa ya mita saba. Unawafaa kwa sababu wana mashine za kuung'oa. Nyumbani, kipande cha waya kilichosahaulika kwenye majani ni hatari kwa mashine ya kukatia nyasi na kwa miguu ya watoto. Sikuutumia zaidi ya msimu mmoja.

Kamba ya karatasi iliyosokotwa inatumiwa na baadhi ya wakulima Marekani, na ilinishangaza: ina nguvu kuliko nilivyodhani, inaoza upesi ikishaisha kazi. Ila ni laini mno, ncha zikawa zinashuka usiku. Nilikopata ni mbali na gharama ya usafirishaji ilizidi bei ya kamba. Kama unaishi karibu na inakouzwa, ijaribu.

Kiasi gani, na kufungwa vipi

Kila mzizi ninaupa kamba mbili zilizoachana juu kama herufi V, na kila kamba mashina mawili au matatu yenye afya. Mengine nayakata na kuyala. Ukuta wangu ni mita nne, naongeza mita moja ya mafundo, kwa hiyo ni mita 10 kwa mzizi. Usumba nachukua unene wa milimita 4 mpaka 6, katani 3 mpaka 4. Mashambani mguu wa kamba wanauzamisha ardhini kwa kibanio cha waya chenye umbo la W. Kigingi cha mti kinatosha nyumbani.

Juu nimeweka kapi mbili, kama za mashua. Maua hayaivi kwa siku moja, na bila kapi utapanda ngazi mara nne, au utakata mmea wote kabla ya wakati kama nilivyofanya miaka miwili. Sasa nalegeza kamba ya nailoni, mmea unashuka mpaka kifuani, mzee jirani anachuma yaliyoiva akiwa ameketi kwenye kiti chake, kisha tunaupandisha tena. Ana miaka 81 na ngazi ameshakatazwa.

Kama ndiyo unaanza mwaka huu na mzizi mpya, nunua juti au katani yoyote na usihangaike. Kama mzizi umeshafikisha miaka miwili na mahali ulipo pananyesha kiangazi, tafuta usumba hata kama itakubidi uandikiane na mkulima. Mkazi wa sehemu kavu, kama mashariki ya jimbo la Washington kwenye bonde la Yakima, ambako mvua ya kiangazi ni chache sana, nadhani katani itamtosha kabisa ilimradi asiifukie karibu na bomba la kumwagilia.

Mwaka huu kifurushi chetu cha usumba kimeshafika na nimekiweka kibandani, juu, mbali na panya. Kidonge cha katani kilichobaki nimekitengea maharage ya kupanda. Maharage huzunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo usiyachanganye na hopsi kwenye kamba moja. Nilijaribu. Yalikabana.